Kikuku

Juma la pili la Agosti, Duluth.
Ukungu wa ziwa umepanda kilima hadi madirisha ya hospitali,
nami, mwaka wa nne, mwaka wa mwisho,
naingia chumba namba sita kuziba pengo la ratiba tu:
wiki mbili za masikio, pua na koo,
kisha nirudi kwa watoto wangu,
kwa stika za dinosauri na vifua vinavyokoroma.

Arlys Niemi yu macho chini ya shuka la kijani.
Mwokaji mikate, miaka hamsini na mitatu;
sikio lake la kushoto lilifunga duka
mwaka ule bintiye alipoolewa.
Daktari Ghorbani akanisogezea hadubini.
Tazama, akasema. Usiguse.

Kumbe ndani ya mtu mna karakana:
nyundo, fuawe,
na kikuku, kidogo kuliko punje ya mchele,
kikuku kisicho na farasi,
kimeganda kama dirisha lililopakwa rangi likiwa limefungwa.
Daktari akakata. Akatoboa. Akapachika
kijiti chembamba kama ncha ya penseli.
Tukangoja.
Halafu Arlys, taratibu, kama anayeamka:
"Nani huyo anahema hivyo?"

Ni mimi.

Usiku nikafungua insha yangu ya maombi.
Sentensi ya kwanza: *Tangu utotoni nimependa watoto.*
Nikaifuta. Nikairudisha. Nikaifuta.
Chelewa chelewa, walisema, utakuta mwana si wako.
Mimi nilichelewa miaka mitatu,
nikakuta wana wote niliowapima homa,
niliowafunga bendeji hadi kwenye wanasesere wao,
si wangu.

Bwana Pruitt wa ofisi ya wanafunzi akavua miwani.
"Zimebaki siku arobaini.
Wenzako wamelipanga hili tangu mwaka wa kwanza.
Wana tafiti, wana barua, wengine wana wajomba.
Viti vichache, makalio mengi.
Wewe una nini?"
Nilitaka kusema: nina pumzi iliyosikika.
Nikasema: wiki mbili.
Akaziandika, *wiki mbili*, akazipigia mstari
kama mtu anayehesabu chenji akijua haitoshi.

Mgumu zaidi alikuwa Daktari Tveit.
Nilimkuta akila plamu juu ya sinki la wodi ya watoto,
maji ya tunda yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.
"Barua yako nimeshaiandika," akasema.
"Nimesema una mikono ya upole."
Akatafuna. Akatema kokwa.
"Nitabadilisha neno moja."
Hakuniambia lipi,
na mpaka leo nalala na kila neno la sentensi ile kwa zamu.

Sasa mpini wa friji yangu umeota ndevu za nyuzi.
Nafunga fundo, nafungua, nafunga kwa mkono wa kushoto,
nashona maganda ya zabibu saa nane za usiku,
na zabibu nyingi zinakufa.

Watu wanadhani ni kwa ajili ya baba.
Baba alipakia madini ya chuma gatini miaka thelathini na moja,
na kelele zile zilimla masikio kidogo kidogo, bila haraka.
Ugonjwa wake hauna kikuku cha kubadilisha.
Si kwa ajili yake.
Laiti ingekuwa hivyo, insha ingejiandika.

Jumapili nikampigia.
"Baba, nimeacha watoto."
"Umewaacha wapi?"
"Nataka kuwa daktari wa masikio."
"Wa masikini?"
"Masikio, baba!"
"Vema," akasema, ameridhika kabisa.
"Masikini nao huugua."

Nikanyamaza. Nikahesabu mkopo wangu kimoyomoyo.
Nyuma yake, jikoni, birika lilikuwa likipiga mluzi,
limeanza zamani, linapanda, linapanda,
na yeye akiendelea kunisimulia habari za mvua.

"Baba, zima jiko."

"Eti?"