Tundu la Pili

Tundu la kwanza sikuliomba.
Nilikuwa na siku arubaini, wanasema,
sindano ya kushonea, uzi mweusi,
shangazi Mwanakheri kanibana kichwa kwa goti.
Nikalia, nikanyonyeshwa, basi,
nishakuwa mwanamke.

La pili nimelilipia pauni arubaini na tano,
Swansea, Jumamosi ya mvua,
ngazi nyembamba juu ya duka la samaki wa kukaanga,
na umri wangu hamsini na mmoja,
na zamu ya usiku ikiningoja saa mbili.

Binti mtogaji anaitwa Carys.
Mikono yake imechorwa ndege mpaka viwikoni.
Akanipa fomu. Una kisukari? Umekula?
Umekuja kwa hiari yako?
Hapo kalamu ikasimama.
Nimejaza fomu nyingi katika nchi hii,
za viza, za kodi, ya talaka moja,
zote zikitaka kujua nimetoka wapi
na nitaondoka lini.
Hii peke yake iliuliza kama nataka.

Nikaandika ndiyo. Nikapigia mstari.

Akapaka kitu baridi, akatia nukta ya wino,
akanishikisha kioo: hapa, au juu kidogo?
Juu kidogo. Akafuta, akatia tena.
Hapa? Nikamwambia chini kidogo,
na nukta haikuwa na kosa.
Nilitaka tu aniulize tena.

Gegedu. Neno hili nililijua kwa mdomo,
ncha ya kidari cha kuku tuliyogombania na Zuhura
kwa jinsi inavyolia kati ya meno.
Safari hii nililisikia kutoka ndani:
kwach,
sikio likijisikia linavyotogwa.
Uchungu ulikuwepo, nisikudanganye. Mkali, mfupi, msafi,
kama ukweli kutoka kwa mtu asiyekujua.
Chozi likatoka jicho moja, la upande ule ule.
Pumua, mpenzi, akasema Carys.
Huku kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi,
lakini nilipumua.

Zuhura kwenye simu alicheka hadi akakohoa.
Umri huo! Wenzio wanatafuta miwani.
Na nani atakiona, chini ya mtandio?
Sikio la kufa, akasema, halisikii dawa.
Langu, dada yangu, linasikia dawa mara mbili kwa siku,
maji ya chumvi, kipande cha pamba,
usilizungushe, usilichokore, usililalie,
miezi sita, pengine mwaka.

Usililalie. Hilo ndilo zito.
Miaka ishirini na sita nimelalia ubavu wa kushoto,
kwanza nikimtazama mtu,
kisha nikitazama mahali pake.
Sasa nimegeuzwa. Kumbe upande huu kuna dirisha,
kuna taa za Townhill zikipanda kilima,
kuna paka wa jirani juu ya pipa la taka
anayeniangalia kama mpangaji mpya.

Kazini, kwenye mashuka ya hospitali,
kofia ya wavu ilinasa, nikauma midomo.
Ifor wa mashine namba tatu akauliza, una nini?
Sina kitu, nikasema.
Na ninacho. Kidude cha titani
kidogo kuliko punje ya mtama,
chini ya wavu, chini ya kitambaa,
kinapwita polepole huku nikikunja
mashuka ya watu waliolala wakaamka
na ya wale wengine.

Leo siku ya tisa. Limevimba,
lina joto kama chapati iliyofunikwa.
Maji yamepoa kikombeni, pamba imelowa.
Niguse? naliuliza.
Nangoja.