Kuchambua

Mtambwe, msimu wa karafuu, saa tatu usiku.
Taa moja, jamvi moja, mikono sita.
Kushoto kwangu pishi ya karafuu mbichi,
kulia karatasi ya mwalimu Shaame: Kijerumani,
aya tatu, maswali matano, kesho asubuhi.

Kitenzi wamekificha mwishoni.
Nasoma nani, lini, wapi, pamoja na nani,
na bado sijui: alikuja, alikufa, au alilipa?

Shangazi Mize hajui hata herufi moja ya huko,
ila ananiona nimekwama.
"Neno refu?"
Refu, shangazi.
"Basi livunje kwenye kikonyo."

Gewürznelken.
Navunja. Gewürz, kiungo. Nelken,
kamusi inasema: maua ya bustanini, mekundu.
Naandika: mwanamke anauza maua.

Nafuta.
Maua gani hayo yapimwayo kwa pishi,
yakimbiziwayo ndani wingu likitanda?
Narudi juu, nasoma tena, polepole,
mpaka mwisho wa sentensi, kilipojificha: trocknet.
Anaanika.

Nacheka peke yangu.
Vidole vyangu
vinanukia jibu tangu magharibi.