Pingamizi la Fundi wa Gurudumu

Ukuta wetu wa Luchelele umechorwa X
nyekundu, rangi bado inachuruzika.
Mtoto wa darasa la kwanza kasimama mbele yake
anauliza: huu mchezo gani, na kiingilio shilingi ngapi?

Ng'ambo ya mfereji
wamepigilia mambo za chuma katikati ya mawe:
hapa jukwaa kuu, hapa lango la wageni,
hapa watu elfu ishirini na tano.
Sisi maegesho yetu yanatosha magari arobaini,
na moja ni la Bi Ng'washi, halijawaka tangu Pasaka.

Barua ya Jiji ilifika na mihuri mitatu.
Haikusema tuhame.
Ilisema gurudumu lipunguzwe mita tisa,
kwa kuwa atakayekaa juu kabisa
ataona mpira bila tiketi.

Bi Ng'washi aliisoma mara mbili, miwani puani,
akacheka hadi akakohoa,
kisha akaketi juu ya farasi wa mbao, asicheke tena.
"Mita tisa," akasema. "Nilikate miguu, au kichwa?"

Nami niseme kweli, maana pingamizi hili nimeliapia:
mpira naupenda kuliko ugali.
Nilicheza winga ya kushoto, pekupeku, juu ya changarawe,
na goti langu mpaka leo hunitangazia mvua.
Uwanja ule nimeshauota, nikaamka nimepiga teke ukuta.
Lakini grisi ya gurudumu hili
imekaa chini ya kucha zangu miaka kumi na tisa,
na grisi haihami kwa barua.

Kikaoni, ofisi ya kata, walifika wote.
Wachoma mishikaki walitaka uwanja.
Walimu wa chekechea walitaka gurudumu.
Mchungaji alitaka vyote viwili, ila visipige kelele Jumapili.
Bwana Rwegoshora, Afisa Mipango Miji,
akakunjua ramani juu ya sahani ya sambusa,
na doa la mafuta likatua penye jina letu.
Nikawaza: basi, ndivyo mtu anavyofutwa.

Alhamisi akaja mwenyewe, akitoka kazini, jua linazama.
"Nipandishe," akasema, "nione kinachoonekana."
Nikamfunga mkanda, kiti namba kumi na moja,
faili kwapani, futi ya kupimia mfukoni.
Alipofika kileleni
umeme ukakatika.
Haki ya Mungu, sikugusa kitu. Waulizeni watu wa umeme.

Butimba yote ikazimika kwa pumzi moja.
Nikashika mkono wa chuma wa kuzungushia,
kazi ya dakika arobaini kwa mtu mwenye goti bovu.
"Mheshimiwa," nikapaza sauti, "waonaje huko?"

Hakujibu. Karatasi moja ikashuka
polepole, ikijifikiria, ikaangukia kwenye magugu maji.
Ikafuata sauti ndogo, si ile ya ofisini:
"Naona karabai za wavuvi wa dagaa.
Zimejipanga mitaa kwa mitaa, wala hakuna aliyezipangia.
Naona mawe yamebebana migongoni.
Kumbe yamebebana hivi."
Akanyamaza. Nikazungusha. Chuma kikalia.
"Na goli la kusini," akasema,
"litaonekana lote. Mpaka nyavu."

Alishuka na kiatu kimoja.
Akalipa elfu moja, asidai chenji,
akaandika jambo kwenye faili akiwa amenipa mgongo.

Sikijui alichoandika. Nilichoandika mimi ndicho hiki:
naomba Jiji lituachie kile kiti cha juu, namba kumi na moja.
Siku ya mechi nitakikalia mwenyewe,
nami naahidi, mbele ya wakili na mihuri yote mitatu,
kufumba macho dakika tisini.

Za nyongeza siahidi.