Vikombe vya Hitma

Wete, nyumbani kwa marehemu Bikombo,
majamvi ya karafuu yamekunjwa, wageni wanangoja kahawa.
Maalim Asaa alinizuia kuhesabu.
"Kila kikombe kwenye kisahani chake.
Kisizidi, kisipungue. Idadi itakuja yenyewe,
mantiki ndiyo mama yake."

"Na sifuri?"
"Kundi la vitu visivyo sawa na nafsi zao."
Akanifunulia kiganja.

Nikaamini, hata usiku ule nikaanza kuandika
daftari la madaftari yote yasiyojitaja.
Lijitaje? Basi halifai kuwamo.
Lisijitaje? Basi limo.
Kalamu ikaganda.

Alfajiri nikampigia hodi.
Alisoma, akanyamaza, akakuna ndevu.
"Vikombe umevirudisha?"
"Vyote."
"Umejuaje?"
Nikafungua mdomo.

Kabatini, kisahani kimoja kilikaa uchi.