Mtoto wa Jicho

Mtaji: ndoo ya rangi iliyokatika mpini,
misasa mitatu, wa mia nane, wa elfu, wa elfu mbili,
na kopo la dawa nililokopeshwa Gerezani
na muuza vipuri aliyeandika deni langu ukutani
kwa kalamu isiyofutika.

Taa ya kwanza niliiharibu.
Ilikuwa ya shemeji, ndiyo maana sikushtakiwa;
mpaka leo akinipita Tabata hapigi honi.

Ya pili ikanifunza: maji kwanza, mkono mwepesi,
usibishane na plastiki.
Uji wa njano ukianza kutiririka kwenye bampa
ujue kazi imekubali.

Leo Kinyerezi, kwa Mzee Mbonea.
Korola ya zamani, macho yote mawili
yana mtoto wa jicho.
Nikabandika tepu, nikasugua, nikasuuza,
nikasugua tena, jua nalo likinisugua mgongo.
Saa nzima. Elfu kumi na tano.

"Tazama, mzee."
Akatazama.
"Mwanangu, mbona sioni tofauti?"

Nikajisemea, hasara hiyo.
Lakini akachutama, kidole gumba
kikapita juu ya taa polepole
kama anayepapasa shavu la kichanga.
"Aa. Laini. Anayeendesha ni binti yangu, Sikudhani.
Alfajiri ananipeleka hospitali.
Kesho zamu ya kusuguliwa ni yangu."

Akahesabu noti kwa vidole.
Zilizidi elfu mbili.
Sijui alikosea au alinipa.
Sikuuliza.
Deni bado liko ukutani.