Kumi na Tisa kwa Mia

Njombe, Julai, kabla ya mapambazuko,
nyasi zimevaa sakitu kama chumvi ya kusaga,
natia ufunguo, gari linakohoa,
na taa ya njano inawaka:
chungu kilichokatwa shingo,
ndani yake alama ya mshangao.

Unashangaa nini? nikaiuliza.
Taa hazijibu. Zinawaka tu.

Wiki nzima nilikuwa nimeizungusha kwa mafundi.
Kilave wa stendi alitikisa kichwa
kama daktari mwenye habari mbaya:
"Sensa imekufa, mama. Laki mbili na nusu, tuagize Dar."
Mdogo wake akaja na dawa nafuu,
utepe mweusi, saizi ya ukucha:
"Bandika hapa. Usichokiona hakikusumbui."
Nusura nikubali. Nimestaafu,
na pensheni nayo ina pancha zake.

Nikashuka nayo hivyo hivyo. Makambako inawaka.
Halali inawaka.
Igawa, jua likipiga lami, nikatupa jicho: imezima.
Chimala, mpunga umeanikwa kando ya barabara: imezima.
Nikajisemea, imejiponea, kama mafua.

Nikalala Uyole kwa shemeji.
Asubuhi ukungu mzito, ng'ombe wa jirani hana miguu.
Natia ufunguo.
Chungu. Mshangao.

Hatua ishirini kutoka getini,
kati ya magunia ya viazi na malori ya Tunduma,
kuna kompresa inayotetemeka kuliko mwenyewe wake.
Hakuuliza ni taa gani. Aliuliza:
"Inawaka lini?"
Kwenye baridi.
"Inazima lini?"
Kwenye joto.
"Ikiwaka, inapepesa kwanza, au inatulia tuli?"
Tuli.
"Basi sensa nzima. Angekuwa mgonjwa yeye,
angepepesa dakika nzima ndipo atulie.
Huyu anasema kweli, ila hamtaki kumsikia."

Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko
ambacho miaka mitatu nimekifungia mlango bila kukisoma:
thelathini na tatu.
Akapima, matairi yakiwa bado baridi.
Ishirini na tisa.
Ishirini na tisa.
Ishirini na tisa.
La nyuma, kushoto: ishirini na nne.
Akalimwagia maji ya sabuni,
na mdomoni mwa valvu povu likaota,
likapasuka, likaota tena,
kama mtoto anayejifunza kusema *ba*.

"Huku panavuja kidogo kidogo. Baridi nayo inapunguza yake.
Ukishuka Usangu upepo unapata moto, unasukuma kuta,
taa inaridhika. Lakini upepo ni uleule,
haukuongezeka hata punje.
Chombo kilekile, mwalimu, gesi ileile:
joto likishuka, shinikizo linashuka."

Mwalimu?

Nikamtazama chini ya grisi.
Obadia Tweve. Kidato cha tatu, dawati la mwisho,
karibu na dirisha lisilo na kioo.
Fizikia, kumi na tisa kwa mia,
na kwa wino mwekundu, mkono wangu: *Husikilizi.*

Sheria ile nimeifundisha miaka ishirini na minane,
kwa chaki, kwa herufi kubwa, kwa fimbo pia.
Sikuwahi kuishika kwa mkono.

Alibadilisha moyo wa valvu, akajaza upepo yote manne.
"Kitufe kipo chini ya usukani. Kiminye mpaka taa ikonyeze mara tatu."
Ikakonyeza. Ikazima.
Dashibodi ikabaki nyeusi kama ubao uliofutwa.

Nikampa elfu kumi. Akarudisha saba,
zimekunjwa, zinanuka mafuta.
Nilitaka kusema neno. Likakwama.

"Na spea?" akauliza. "Spea haina sensa,
ndiyo maana watu huisahau."
Tukafungua buti, tukaondoa zulia na mwavuli.
Akabana geji, akainama, akasoma kwa sauti:

"Kumi na tisa."

Hakucheka. Nilicheka mimi,
kisha kicheko kikanishinda katikati.
Yeye alikuwa ameshavuta mpira wa kompresa.