Hisa Elfu Mbili

Kitabu changu cha akiba kinanata kwa chumvi ya Katwe.
Ithungu, karani wa dirisha la tatu,
hukipangusa kwa leso kabla ya kukigonga muhuri.
Pangusa tu, mwanangu, humwambia,
chumvi hiyo ndiyo iliyoandika humo ndani.

Mwaka ule jua lilituwia radhi,
vidimbwi vikaganda vyeupe hadi ukingoni,
nikawauzia Wakongomani wa Mpondwe magunia arobaini.
Nikanunua hisa elfu mbili za Benki ya Akiba ya Bonde,
kila moja shilingi mia tatu na kumi.
Meneja akanipa mkono, laini kama ndizi iliyomenywa:
"Mama Kabugho, leo wewe ni mwenye benki."
Nikauliza, basi ufunguo uko wapi?
Akacheka.
Ufunguo naungoja mpaka leo.

Kila Ijumaa mlinzi huandika bei ubaoni, mlangoni, kwa chaki.
Mia tatu ishirini na mbili.
Mia tatu arobaini; siku hiyo nilinunua soda,
nikainywa nimesimama, kama tajiri mwenye haraka.

Kisha Mei, mto Nyamwamba ukashuka na mawe yake.
Ulichukua daraja, mahindi, vitanda vya watu.
Benki iko mlimani, haikuguswa hata kizingiti,
lakini bei ililowa.
Mia mbili themanini. Mia mbili kumi na tano.
Mia moja sitini na nne.

"Nani anaishusha? Watu wa Kampala?"
Ithungu akavua miwani.
"Mikopo, mama. Watu wa bondeni hawalipi."
Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani.
Jina la tatu: Bwambale, kinu cha mahindi.
Ndugu yangu, tumbo moja.
Na chini yake, mdhamini:
Kabugho, Katwe.

Kumbe mwenye benki ndiye mdaiwa.
Kumbe nilikuwa nikijishusha mwenyewe.

Nilimkuta Bwambale magotini, kwenye tope,
analiosha jiwe la kinu kwa mswaki wa meno.
Maneno niliyokuja nayo nikayameza.
Nikakunja sketi, nikashika upande wa pili.

Ijumaa, dirisha la tatu, elfu ishirini.
"Ya akiba, mama?"
Andika marejesho. Andika Bwambale.

Nje mlinzi alikuwa anafuta ubao.
Sikusubiri kuona ataandika nini.
Upande wa Katwe mawingu yalikuwa yanakusanyika,
na chumvi isiyofunikwa haingoji Ijumaa.